Mtoto wa pumu ya ngozi (ekzema) chumba cha dharura: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kosa ni lile lile kila zamu. Mtoto analetwa usiku, ngozi imewaka, hajalala siku tatu. Anachomwa sindano ya deksamethasoni, anapewa tyubu moja ya krimu na chupa ya piritoni, anaondoka. Siku mbili analala vizuri. Siku ya tano au ya sita ngozi inalipuka kuliko mwanzo, na mama anarudi kuidai sindano ile ile kwa sababu "ndiyo iliyomsaidia".

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu na daktari wa zamu katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mzazi naye anaweza kuusoma. Sehemu za kuosha, kupaka na kupima dawa ni zake pia. Dawa za kumeza na za mshipa zibaki kwa aliyempima mtoto.

Kazi yako usiku huo ni kumtambua mtoto ambaye ngozi yake inaweza kumwua, kisha kwa wengine wote kuuzima mlipuko kwa dawa ya kutosha. Hilo neno "kutosha" ndilo tunaloshindwa.

## Andaa hivi kabla ya kumgusa

- Kipimajoto, mashine ya kupima oksijeni, mizani, kipimo cha sukari, na utepe wa kupima mzingo wa mkono
- Mwanga mweupe. Tochi ya simu inatosha
- Beseni safi na maji ya uvuguvugu
- Glavu, gozi, na bandeji ya kuzungusha
- Kikata kucha (hakuna anayekikumbuka, na kucha ndizo zinazochana ngozi)
- Vaselini nyeupe isiyo na manukato, na kijiko safi cha kuichotea
- Haidrokotizoni 1% na betamethasoni 0.1% (steroidi za kupaka), krimu au malhamu
- Pamanganeti (fuwele za kuoshea vidonda), kama duka la dawa la kituo linayo
- Asiklovia (dawa ya virusi vya hepesi), na flukloksasilini au kloksasilini (antibiotiki)
- Nguo ya pamba ya mikono mirefu; mwambie mama aitoe kwenye mfuko wake

## Hatua ya 1: Pima mtoto, ngozi baadaye

Ngozi iliyochubuka inavuta macho, na ndiyo sababu watu wanasahau kumpima mwenye ngozi. Fuata utaratibu wa ETAT (wa kupima na kutibu dharura za watoto) kama kwa mtoto mwingine yeyote: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, upungufu wa maji. Kisha joto, uzito, sukari.

Mtoto wa umri chini ya miezi 2, mwenye homa, mlegevu, mwenye kuvimba miguu au mwenye maumivu makali asikae kwenye foleni hata kama mama anasema "ni ngozi tu".

Pima mkono kwa utepe pia. Watoto wengi wa pumu ya ngozi wamenyimwa mayai, maziwa, samaki na karanga kwa miezi kwa sababu jirani alisema vinawasha. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na hapo unatibu magonjwa mawili.

Kama midomo imevimba, anakoroma kifuani au ametapika ghafla baada ya kula kitu, huo ni mzio mkali. Adrenalini ya msuli wa paja kwanza. Mwongozo huu unaweza kusubiri.

## Hatua ya 2: Mvue nguo zote

Zote, pamoja na nepi na soksi. Mama atakuonyesha mashavu na viwiko kwa sababu ndivyo vinavyoonekana, ilhali hatari inaweza kuwa nyuma ya masikio au kwenye makalio.

Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, na ndizo zinazotudanganya. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta rangi ya zambarau, ya kijivu au kahawia iliyokolea, vipele vidogo vilivyosimama kwenye vinyweleo, na ngozi iliyokuwa nene yenye mistari. Joto lipime kwa mgongo wa mkono wako, ukilinganisha sehemu mbaya na sehemu nzuri.

Kadiria ni sehemu gani ya mwili imeathirika. Kiganja cha mtoto pamoja na vidole vyake ni karibu 1% ya ngozi yake. Andika namba hiyo, maana utaihitaji kuhesabu dawa.

## Hatua ya 3: Tafuta hatari nne

Hapa usiwe na haraka. Dakika kumi za hatua hii ndizo zinazotenganisha mtoto wa kurudi nyumbani na mtoto wa wodini.

Malengelenge ya hepesi. Hii ndiyo inayotuponyoka zaidi, kwa kuwa inafanana na vidonda vya kujikuna vilivyooza. Angalia umbo. Vidonda vya kujikuna havina mpangilio. Kimoja ni mstari, kingine kipana, kingine nusu kimepona. Vya hepesi vinafanana kana kwamba vimegongwa muhuri mmoja: vidogo, duara, milimita 1 hadi 3, vimechimbika katikati, vimesongamana. Mtoto analia kwa maumivu kuliko kwa mwasho. Mara nyingi ana homa na tezi zimevimba. Dalili nyingine nzuri ni historia: alipewa antibiotiki, zikaisha, na vidonda bado vinaongezeka. Muulize mama kama kuna mtu nyumbani mwenye kidonda cha homa mdomoni anayembusu mtoto.

Ukishuku, anza asiklovia usiku huo huo. Usingoje maabara. Mwenye vidonda vichache, anayekunywa vizuri na asiye na homa anaweza kupewa ya kumeza mara 5 kwa siku na kuonwa kesho. Mwenye homa, mlegevu, mchanga au mwenye vidonda vilivyoenea alazwe na apewe ya mshipa kila baada ya saa 8, ikipitishwa polepole kwa saa nzima huku maji ya mwili yakiwa sawa, kwani dawa hii inaweza kuumiza figo. Vidonda vikiwa karibu na jicho, atafutiwe daktari wa macho siku hiyo hiyo, maana konea (kioo cha mbele cha jicho) ikipata kovu hairudi.

Bakteria waliovamia. Ukoko wa rangi ya asali, usaha, ngozi iliyovimba na kuuma, homa. Mtoto wa namna hii anahitaji flukloksasilini au kloksasilini ya kumeza, au ya mshipa kama yu mgonjwa. Mwenye mzio wa penisilini apewe erithromaisini. Lakini ngozi inayochuruzika kidogo kwa mtoto anayecheza na stetoskopu yako haihitaji antibiotiki. Bakteria aina ya stafilokoka huishi juu ya ngozi za wengi wa watoto hawa hata siku njema, kwa hiyo majibu ya maabara peke yake hayakuambii kitu. Steroidi ikishusha mlipuko, bakteria nao hupungua.

Ngozi ya mwili mzima kuwaka. Ikizidi 90%, chukulia kama mtoto wa kuungua moto. Ngozi haishiki tena joto wala maji. Atatetemeka hata kama Dar es Salaam ina joto la kumtoa mtu jasho. Mfunike, mpeleke chumba chenye joto, usimpanguse kwa maji baridi, mlaze. Maji ya mshipa yapitishwe kwa hesabu na kwa kumrudia mara kwa mara. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba kumwagia watoto wenye homa kali maji mengi kwa haraka kuliongeza vifo.

Kisichokuwa pumu ya ngozi kabisa. Ngozi inabanduka, mdomo na macho yana vidonda, na alianza dawa mpya wiki za karibuni (seprini, dawa za kifafa, nevirapini): simamisha dawa, lipe jambo uzito wa dharura. Ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, miguu imevimba, nywele zimefifia: utapiamlo. Vipele vyenye kitovu katikati mpaka viganjani na nyayoni, tezi zimevimba: fikiria mpox (homa ya nyani), mtenge, toa taarifa. Ugonjwa huo uko Kongo kwa miaka mingi, na tangu 2024 umeenea Burundi, Uganda na jirani zao, na ngozi iliyochanika huupa njia.

Kuhusu kanula (mrija wa kupitishia dawa mshipani): tafuta sehemu nzima ya ngozi, hata kama ni mguuni. Spiriti kwenye ngozi iliyochubuka ni ukatili. Plasta haishiki juu ya mafuta, na ikishika itaondoka na ngozi, zungusha bandeji.

*Umefaulu hatua hii kama* unaweza kusema kwa sauti, kwa kila moja ya hatari nne, "ipo" au "haipo". "Labda" maana yake mwite mwenzako naye atazame.

## Hatua ya 4: Hakikisha si upele

Haraka tu. Upele (skabi, ugonjwa wa wadudu wa ngozi) unawasha nyumba nzima, hasa usiku, na unakaa katikati ya vidole, vifundoni, sehemu za siri, na kwa mchanga hata viganjani na nyayoni. Pumu ya ngozi hupenda mashavu na kichwa kwa mchanga, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti kwa mkubwa. Mtoto anaweza kuwa navyo vyote viwili. Ikiwa hivyo, usimpake BBE (dawa ya maji ya upele) juu ya ngozi iliyochubuka, itamuunguza. Tuliza ngozi kwanza au tumia pemethrini.

## Hatua ya 5: Osha

Maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila sabuni ya kufulia, bila chumvi, bila dawa za kuua vijidudu zenye harufu kali. Ukoko uloweshwe mpaka utoke wenyewe. Sababu ni kwamba dawa ikipakwa juu ya ukoko inaishia kwenye ukoko.

Sehemu zinazochuruzika sana zinaweza kuwekewa gozi lililolowa pamanganeti kwa dakika 10 hadi 15. Maji yawe na rangi ya waridi hafifu. Yakiwa zambarau, umezidisha. Hakikisha fuwele zote zimeyeyuka, kwani punje moja isiyoyeyuka inachoma ngozi. Weka mbali na macho, usiache beseni sakafuni, wala usimpe mama fuwele aende nazo nyumbani. Zimewahi kumezwa na watoto sehemu nyingi duniani.

Kausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Kata kucha sasa, zikiwa laini.

## Hatua ya 6: Paka steroidi kwa kipimo

Hapa ndipo pa kushindwa kwetu. Tunapaka kwa kuhurumia. Nukta hapa, nukta pale, kwa sababu mtu fulani aliwahi kusema steroidi inaharibu ngozi. Inaharibu, ikitumika miezi bila mpango. Wiki moja ya kutosha ni salama kuliko miezi sita ya kupakapaka.

Kipimo ni ncha ya kidole: krimu iliyokamuliwa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole.

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, kila mara ya kupaka:

- uso na shingo: ncha 1.5
- mkono mmoja mzima: 1.5
- mguu mmoja mzima: 2
- kifua na tumbo: 2
- mgongo na makalio: 3

Piga hesabu ya mtoto aliyewaka mwili mzima. Ukiacha uso, mikono miwili ni 3, miguu 4, mbele 2, nyuma 3. Jumla ncha 12, yaani gramu 6 kwa mara moja. Tyubu ya gramu 15 inaisha siku ya tatu asubuhi. Kwa siku 7, mara moja kwa siku, anahitaji gramu 42: tyubu tatu. Sisi tunampa moja, kisha tunashangaa "dawa haikufanya kazi".

Ipi ipakwe wapi:

- Uso, shingo, kwapa na kinena: haidrokotizoni 1%.
- Mwilini, mtoto aliyezidi mwaka 1 mwenye mlipuko mkali: betamethasoni 0.1%, mara moja kwa siku, siku 7.
- Chini ya mwaka 1: haidrokotizoni 1% mwili mzima; betamethasoni kwa ushauri wa mtaalamu wa ngozi tu.
- Klobetasoli (steroidi kali zaidi) isitoke kwenye chumba cha dharura kwa mtoto yeyote.

Krimu kwa panapochuruzika, malhamu kwa pakavu. Paka mpaka ing'ae kidogo, usisugue. Mama ampake yeye, wewe ukitazama. Ukimpaka wewe ataona, atasahau.

Onyo: ukishuku hepesi, maliza swali hilo na daktari kabla ya kufika hapa.

## Hatua ya 7: Mafuta, kisha mafuta tena

Subiri kama nusu saa baada ya steroidi, halafu paka vaselini mwili mzima, hata palipo pazuri, kufuata uelekeo wa vinyweleo ili visizibe. Kusudi lake ni kuzuia maji ya ngozi yasitoroke na vumbi lisiingie.

Kiasi: mtoto mwenye ugonjwa ulioenea hutumia gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Muulize, "Mama, kopo la mafuta linakaa siku ngapi?" Akijibu "linamaliza mwezi," umeshapata nusu ya ugonjwa.

Achote kwa kijiko safi. Vidole vinapeleka bakteria kwenye kopo, na kopo linawarudisha kwa mtoto kila asubuhi. Mafuta ya nazi yasiyo na manukato yanafaa pia kwa wengi, na ni rahisi kupatikana pwani. Mafuta ya zeituni hulegeza ngozi, na ya karanga hayafai kabisa.

Halafu neno la moto. Nguo na mashuka yaliyolowa vaselini hushika moto haraka, na kufua hakuondoi mafuta yote. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa wala kibatari. Mwambie mama kwa maneno, usitegemee karatasi.

*Umefaulu* kama ndani ya saa moja au mbili mtoto ameacha kujikuna kwa hasira na amesinzia. Ngozi haitakuwa imepona. Itakuwa imetulia.

## Hatua ya 8: Usiyompa

Sindano ya deksamethasoni na vidonge vya prednisoloni: vinazima haraka, na vikiisha moto unarudi mkubwa zaidi. Ndiyo ile siku ya tano. Kama mama anaidai, usibishane naye. Mwulize alilala siku ngapi baada ya ile ya kwanza, kisha kaa kimya.

Piritoni haizimi mwasho wa pumu ya ngozi. Inaleta usingizi tu. Kwa mtoto aliyezidi mwaka 1 ambaye nyumba nzima haijalala, usiku chache si mbaya. Promethazini isiguse mtoto wa chini ya miaka 2, inaweza kumzimia pumzi.

Maumivu na homa: parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo.

## Hatua ya 9: Mruhusu kwa masharti

Anaondoka kama hatari nne hazipo, anakunywa, mama amepaka kwa mkono wake, na dawa iliyotoka dirishani inalingana na hesabu yako. Ikiwa dirisha lina tyubu moja, andika zilizobaki anunue, utaje jina kamili la dawa. Vinginevyo duka la mtaani litampa ile krimu ya dawa tatu ndani ya moja, ambayo mara nyingi steroidi yake ni kali na mama hajui, au kopo lisilo na lebo kutoka kwa wauza mkorogo.

Mwambie mapema kuhusu mabaka meupe. Ngozi ikitulia itabaki na madoa yaliyofifia kwa wiki au miezi. Ni alama ya mlipuko uliopita, rangi itarudi. Usipomwambia, ataiona siku ya nne, ataitupa dawa.

Steroidi iendelee mpaka siku mbili baada ya ngozi kutulia, bila kuzidi zile siku 7 za betamethasoni, kisha iachwe. Mafuta hayaachwi.

Arudi usiku wowote bila kungoja kliniki akiona: homa, malengelenge au vidonda duara vinavyofanana, jicho jekundu au lenye maumivu, usaha, mtoto mlegevu au asiyenyonya.

Vinginevyo aonwe baada ya siku 2 au 3 kama kulikuwa na maambukizi, na wiki moja kama hakukuwa. Akirudi na ngozi bado imewaka, kabla ya kubadilisha dawa mwambie atoe tyubu. Zikiwa bado zimejaa, rudi hatua ya 6, kaa na mama, sikiliza anaogopa nini. Zikiwa zimeisha na alipaka sawasawa, andika rufaa kwa daktari au ofisa wa ngozi; kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, na huenda yuko mmoja mkoani kwako. Kwenye rufaa hiyo andika gramu ngapi zilitumika, kwa siku ngapi.